Slabu ya Bweni la Guta

Nafundisha wanafunzi wa uhandisi jinsi majengo yanavyosimama. Nimefanya kazi hiyo Musoma kwa miaka mingi, kwenye tawi dogo la chuo kikuu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mtu mpole. Wanaonifahamu siku hizi hawaamini. Hasira hii niliipata ukubwani, kazini, na naweza kueleza ilianzia wapi.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Fundi anapomwaga zege kwenye jengo, kiasi kidogo cha zege hilohilo hujazwa kwenye visanduku vya chuma. Likikomaa, hutoka vitofali vya mraba tunavyoviita kyubu. Mkandarasi anavileta maabara, tunaviweka kwenye mashine, mashine inavibana mpaka vipasuke, na mshale unatuambia zege la jengo lina nguvu kiasi gani. Kazi yote inasimama juu ya jambo moja: kwamba zege lililo kwenye kyubu ndilo zege lililo kwenye jengo.

Mimi ndiye nilikuwa msimamizi wa maabara hiyo, na utafiti wangu pia niliufanyia humo. Nilikuwa nachunguza mchanga wa ufukweni Makoko, ambako naishi, na mchanga wa mabonde ya Butiama, nilikozaliwa, nijue upi unafaa kwa zege na unahitaji kuoshwa vipi. Nilikuwa nimepasua kyubu nyingi kiasi kwamba nilizijua kwa sikio. Kyubu nzuri inapasuka kwa mlio mmoja mkavu, kama mtu anayevunja kuni ngumu kwenye goti. Mbaya haina mlio. Inasagika tu, na unabaki unafagia.

Siku moja nilikuwa nawaonyesha wanafunzi wa mwaka wa tatu matokeo ya kyubu za bweni la wasichana lililokuwa likijengwa Guta, upande wa Bunda. Shule yenyewe ni ya wazazi na kanisa lao, watu wa pamba na ng'ombe, waliojichanga kwa mavuno kadhaa ili mabinti zao waache kutembea usiku baada ya masomo kutafuta pa kulala. Lilikuwa jengo la ghorofa moja, na matokeo ya kyubu zake yalikuwa mazuri kuliko yote tuliyopata mwaka ule. Nikawaambia wanafunzi, hii ndiyo kazi safi, igeni.

Msichana mmoja aliyezoea kukaa nyuma karibu na mlango, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akanyoosha mkono. Akasema kwao ni Guta, na mdogo wake anasoma shule ile. Likizo iliyopita alikwenda kumsalimia, akapita kwenye saiti kuangalia.

"Madam," akasema, "zege la pale linachubukaga na ufunguo. Mimi nimelichubua mwenyewe."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, lakini kusema kweli sikumwamini pia. Nilimwita baada ya kipindi nikamuuliza vizuri. Alinieleza kwamba alisugua nguzo ya pembeni kwa ufunguo wa mlango wa kwao, na mchanga ukawa unaanguka kama unga wa udaga, wa muhogo mkavu. Fundi alipomwona akamfukuza. Aliporudi chuoni alisubiri mtu aseme jambo lolote kuhusu jengo lile, na mtu aliyelisema nikawa mimi, tena kwa kulisifia.

Jumamosi tukaenda wote wawili. Ulikuwa msimu wa pamba, na kuanzia Bunda mjini hadi Guta nyua zilikuwa nyeupe. Saiti palikuwa na mlinzi peke yake, na alimjua huyu binti, akatuacha tuingie. Slabu ya juu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, ilikuwa imeshamwagwa. Chini yake mirunda ya miti ilikuwa bado imesimama kuishikilia, na matofali ya kuta za juu yalikuwa yamepangwa tayari. Nilikuwa nimebeba nyundo ya kupimia ugumu wa zege, kifaa kidogo unachokikandamiza ukutani kikagonga na kurudi nyuma, na kadiri kinavyorudi kwa nguvu ndivyo zege lilivyo gumu. Kwenye nguzo ya kwanza nikadhani nyundo imeharibika. Nikaigonga kwenye mwamba mkubwa uliokuwa pale uani, ikaruka vizuri. Nikarudi kwenye nguzo, kwenye bimu, mihimili inayobeba slabu, na chini ya slabu yenyewe. Kila mahali ilikuwa kama nagonga udongo.

Kisha nikatazama pale binti alipochubua, nikaona kokoto. Zilikuwa nyekundunyekundu, za mawe ya palepale, yale yanayopondwa kwa nyundo na akina mama kando ya barabara. Kokoto hizo si mbaya. Ila mimi nilikuwa nakumbuka kitu kingine. Jumatatu asubuhi nilikwenda nyuma ya maabara, kwenye lundo la kyubu tulizokwisha kuzipasua, nikatafuta zenye alama ya rangi ya Guta. Ndani yake kokoto zilikuwa nyeusi, za mashine, zenye kingo kali. Nikatafuta kyubu za majengo mengine ya mkandarasi yuleyule: la Kitaji, la njia ya Butiama, la Bunda mjini. Zote nyeusi. Majengo yake yalikuwa yametawanyika mkoa mzima, lakini kyubu zake zote zilipikwa chungu kimoja, pengine nyuma ya nyumba yake, kwa saruji ya kutosha na kwa uangalifu ambao majengo yenyewe hayakuupata.

Nilikaa kwenye lile lundo. Nilikuwa nimezipima zote. Nilikuwa nimezifurahia.

Mkuu wetu wa idara tulisoma naye darasa moja. Nilikwenda ofisini kwake na vipande viwili, kimoja chekundu na kimoja cheusi, nikaviweka mezani na kumweleza. Alivitazama kwa muda, akavigeuza, na nikaona kabisa kwamba ameelewa. Kisha akaviweka chini akasema mkandarasi huenda alibadilisha machimbo katikati ya kazi. Nikamwambia kyubu za msingi, za nguzo na za slabu zote zina mawe meusi, na jengo zima lina mawe mekundu.

"Dada," akasema, "sisi tunapima kilicholetwa. Hatupimi kilichojengwa."

Akaendelea kwa upole kunikumbusha kwamba mkandarasi yule ndiye anayepokea wanafunzi wetu wengi kwa mafunzo ya vitendo, na hakuna mwingine hapa Mara anayepokea hata nusu yao. Nikimuudhi, nitawapeleka wapi? Nikamwomba basi twende naye Guta, aone kwa macho yake. Akasema ana kikao cha kuandaa.

Nilichukua vipande vyangu viwili nikatoka. Woga wake haukunishangaza. Woga naufahamu, na mimi mwenyewe ninao. Kilichonichoma ni kwamba alikuwa anajua hesabu zilezile ninazozijua. Tulifundishwa pamoja, kwenye benchi moja, slabu inabeba nini na inavunjika vipi. Angekuwa hajui, ningemfundisha. Mtu anayejua, akachagua kuongea kama asiyejua, unamfanya nini?

Nikarudi Guta kumwona mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Ni mzee wa pamba na ng'ombe, mrefu, msikilizaji. Nilimkuta anatengeneza zizi. Alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali ambalo nilistahili kuulizwa.

"Mkandarasi alituambia chuo kimepima zege na limepita. Chuo ni nyie. Leo unakuja unasema limeharibika. Tushike lipi, mwalimu?"

Nikamwambia asishike lolote kati ya maneno yangu. Tuliulize jengo lenyewe. Nikamweleza namna inavyofanyika: tunapanga mapipa matupu juu ya slabu, tunayajaza maji kidogo kidogo mpaka yafikie uzito wa wasichana, vitanda, masanduku na kuta zitakazojengwa juu. Chini tunaweka vipimo vyenye mshale kama vya saa, vinavyoonyesha slabu inashuka kiasi gani. Mirunda tunaipunguza urefu kidogo, iache nafasi ya vidole vichache, ili slabu ikishindwa idakwe isianguke. Slabu nzuri itainama kidogo sana, na maji yakitolewa itarudi ilipokuwa. Kama itafanya hivyo, nitasimama mbele ya kanisa niombe radhi.

Wazazi walilijadili Jumapili baada ya ibada. Baadaye niliambiwa kwamba wengine walisema nimetumwa na mkandarasi mwingine. Lakini mzee aliwaambia kitu kinachohitajika ni maji, na maji ziwa linayo. Wakakubali.

Siku ya jaribio mikokoteni ya ng'ombe ilianza kupandisha maji asubuhi na mapema. Mapipa yalikopwa kila nyumba, mengine bado yakinuka pombe. Wanafunzi wangu walikuja, yule binti akiwa mbele, na nikawagawia vipimo. Mkandarasi naye alikuja. Alikuwa amevaa viatu vipya vya saiti, akanisalimia kwa heshima zote, "Dokta, karibu Guta," kana kwamba ni kwake. Alisimama pembeni na fundi wake mkuu wakitazama kama watu walioalikwa kwenye sherehe isiyowahusu.

Tukajaza. Safu ya kwanza, mishale ikasogea kidogo. Ya pili, ikasogea zaidi ya nilivyotarajia. Kabla hatujafika nusu ya uzito uliotakiwa, binti akaniambia mshale wake unakimbia. Nikapaza sauti wasimame wasimwage tena, na kila mtu aliye juu ashuke. Wakashuka. Maji hayakuongezwa hata kata moja. Mshale ukaendelea kwenda.

Hapo nilijua. Slabu inayoshuka wakati hujaiongezea kitu imeshakata tamaa. Tukasogea nyuma, na baada ya muda mfupi tukasikia mlio, si mkubwa, kama kitambaa kizito kinachopasuliwa polepole. Ufa ukatokea katikati, ukaenda kutoka ukuta hadi ukuta, na slabu yote ikakaa juu ya mirunda kwa kishindo kilichopandisha vumbi. Mapipa mawili yakapinduka. Maji yakaanza kupita kwenye ufa yakichuruzika mpaka chini, kwenye chumba ambacho mabinti wangelala.

Akina mama walishika vinywa. Mzee alisogea mpaka kwenye mlango, akatazama yale maji yakianguka, akamgeukia mkandarasi. Nilitegemea mkandarasi ataogopa. Hakuogopa.

"Kyubu zilipita," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Muulizeni Dokta. Yeye ndiye aliyezipitisha."

Mzee akanitazama. "Ni kweli?"

Nikasema ni kweli. Nikasema alileta kyubu za zege jingine, lisilo la jengo hili, mimi nikazipima na jina langu likawekwa chini ya majibu.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo sisi," akasema, "tulikuwa tunalala usingizi kwa jina lako."

Nimetukanwa mara nyingi maishani. Nimesemwa na wanaume darasani, kwenye vikao, na kwenye saiti ambako walidhani nimekuja kuuza chai. Hakuna neno lililoniingia kama lile, kwa sababu halikuwa tusi. Alikuwa anaeleza jambo lilivyo. Na yule aliyelichukua jina langu akalitandaza juu ya slabu ile kama mkeka wa kufunikia shimo alikuwa anafuta vumbi kwenye viatu vyake. Kama ningekuwa na nguvu za mwili siku ile ningempiga. Nasema hivyo bila aibu.

Wazazi walivunja slabu wenyewe. Mirunda ilikazwa upya, watu wakapanda na nyundo, na nilikuwepo kuwaonyesha waanzie wapi. Kazi iliyostahili kuwa ngumu ilikuwa rahisi mno. Vipande vingine vilimegukia mikononi. Ndani tulikuta nondo ni nyembamba kuliko zilizochorwa, na ringi za bimu, vile vyuma vya mraba vinavyofunga nondo pamoja, zimeachanishwa mno kana kwamba fundi alikuwa anaziazima. Watu waliopaswa kukagua tangu msingi walifika wakati limeshakuwa kifusi. Wakapiga picha, wakanywa soda, wakaondoka. Mkandarasi alikuja na lori akachukua mbao zake, akawaambia wazazi watazungumza. Mpaka leo hawajazungumza.

Chuoni niliitwa. Nilidhani naitwa kueleza nilichokiona, kumbe naitwa kueleza kwa nini nilitoa vifaa vya maabara nje bila kibali, kwa nini nilipeleka wanafunzi mahali pa hatari, kwa nini nilichafua jina la chuo mbele ya umma. Mkuu wa idara alikaa upande wa pili wa meza, haniangalii. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za kokoto. Nilitolewa maabara. Nikapewa somo la michoro la mwaka wa kwanza, na utafiti wangu wa mchanga ukabaki kwenye mifuko iliyopangwa kwenye korido, mpaka mtu akautumia kujazia shimo getini. Nilipouliza, nikaambiwa walidhani ni mchanga tu.

Mkandarasi akakataa kupokea wanafunzi wetu mwaka ule. Baadhi yao ilibidi wahangaike mpaka Mwanza kutafuta nafasi, na wengine waliacha kunisalimia. Siwalaumu sana, walikuwa wanataka kumaliza masomo. Ila nilikaa na swali moja kila nilipowaona kwenye veranda wakinipisha kimyakimya: tunawafundisha nini, kama wanaona mwenye kuliharibu jengo anabembelezwa, huku mwenye kulipima akifukuzwa?

Nikaenda Butiama kwa mama kupumzika. Mama hajawahi kuniuliza habari za kazi yangu. Anajua ni mambo ya nyumba, basi. Safari hii aliniona napepeta mtama kwa fujo, mwingi ukimwagika chini, akaninyang'anya ungo na kuuliza kuna nini. Nikamweleza.

"Nyumba ilianguka?" akauliza.

"Haikuanguka. Tuliivunja kabla."

"Kuna mtu alikufa?"

"Hakuna."

"Sasa mwanangu, wanakukasirikia nini?"

Nadhani jibu la swali lile ndilo linalonikasirisha mpaka leo. Slabu ile ingewaangukia wasichana, kungekuwa na tume, na magari, na mimi ningeitwa mtaalamu, niwekwe kiti cha mbele kueleza zege ni nini. Kwa kuwa hakuna aliyekufa, hakuna kilichotokea. Nilikuwa mwanamke msumbufu aliyeharibu jengo la watu kwa maji. Wahandisi tunafanya kazi ili jambo lisitokee, na jambo lisipotokea hakuna anayetuamini kwamba lingetokea.

Binti wa Guta sikumwacha. Wazazi walipoamua kujenga upya, safari hii bweni la chini tu, lisilo na ghorofa, lenye paa la bati, walimchukua fundi wa Bunda, na mimi nikawa nakwenda kila Jumamosi kuwasimamia. Binti alifanyia mafunzo yake ya vitendo hapohapo. Idara ilisita kuyakubali kwa sababu hakukuwa na kampuni ya kuyathibitisha. Nikaenda ofisini kwa mkuu wa idara, nikafunga mlango nyuma yangu, nikamwambia kama binti yule hatapewa alama zake nitapanda na kokoto zangu, nyeusi na nyekundu, mpaka kwa kila mtu aliye juu yake, na sitatumia sauti hii ninayoitumia sasa. Alama zilitoka wiki ileile.

Mwaka uliofuata tulialikwa kwenye semina ya wahandisi pale Musoma mjini. Mkuu wa idara alisimama akaeleza kwamba chuo chetu kimeanzisha utaratibu mpya: kyubu hazipokelewi tena kutoka mkononi mwa mkandarasi, watu wa maabara wanakwenda wenyewe saiti kuchota zege linapomwagwa. Alieleza vizuri, kwa maneno yangu niliyomwambia mezani kwake. Watu wakapiga makofi. Mwanamke aliyekaa jirani yangu, mgeni, akaninong'oneza kwamba idara yetu ina bahati ya kuwa na kiongozi makini. Nilifurahi kwamba utaratibu umekuwepo. Nilifurahi kweli. Na papo hapo nilitamani kumtupia kiongozi huyo makini glasi ya maji.

Bweni la Guta lilifunguliwa kwa sala, siku ya upepo mkali kutoka ziwani. Mabinti waliingia na masanduku yao wakigombania vitanda vya dirishani. Mzee mwenyekiti alinikalisha karibu naye, akaniletea sato na ugali kwa mkono wake mwenyewe, na watu waliona. Tukala. Mwisho akanawa, akafuta mikono, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, wewe tumekusamehe. Chuo chako bado."

Nikamwambia na mimi sijakisamehe bado. Akacheka kidogo, akaongeza samaki kwenye sahani yangu, akasema nile, kuna safari ndefu mpaka Musoma.